Mlikutana kwa simu? Usimfiche daktari

Jumatatu moja asubuhi nilimkuta kijana ameketi kwenye ngazi za kliniki yangu hapa Eldoret kabla mlinzi hajafungua mlango. Alikuwa amevaa suti na tai, tayari kwa kazi, lakini miwani yake ilikuwa na kioo kimoja tu. Alisema anaumwa na kichwa. Nikampima presha, nikamtoa damu kidoleni kupima malaria, nikamuuliza aliangukia wapi hadi miwani ikavunjika. Akajibu kwamba aliteleza bafuni. Nilimwandikia dawa ya maumivu, akanishukuru, akafika mlangoni, kisha akarudi na kuketi tena.

"Daktari," akasema, "sikuteleza bafuni."

Ijumaa iliyotangulia alikuwa amekutana na mwanamke waliyewasiliana kwa siku 11 kupitia programu ya simu ya kutafutia wapenzi, zile za bure. Walikunywa bia mbili katika baa moja mjini. Anachokumbuka baada ya bia ya pili ni kuzinduka sakafuni mwa nyumba yake Jumamosi alasiri, milango ya kabati ikiwa wazi, simu, kompyuta na runinga zimekwenda, na pesa zote za M-Pesa zimetolewa. Hakujua alifikaje nyumbani. Hakujua kama alilala na yule mwanamke au la, wala kama alikuwa peke yake na mwanamke huyo au walikuwapo watu wengine. Tangu Jumamosi hiyo hadi Jumatatu alijifungia chumbani.

"Niliona aibu kusema nilimtoa wapi," aliniambia. "Mimi ni mhasibu."

Nilihesabu mbele yake. Kutoka saa nne usiku wa Ijumaa hadi saa moja asubuhi ya Jumatatu ni saa 57. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi baada ya mtu kuingia hatarini, zile zinazoitwa PEP, lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Kijana alikuwa amebakiwa na saa 15. Angekwenda zake na dawa ya kichwa, zingeisha akiwa ofisini anapiga hesabu za wengine.

(Nimebadilisha mambo machache katika kisa hiki ili asitambulike, na yeye mwenyewe amenikubalia nikiandike.)

Najua wapo wasomaji ambao tayari wametikisa kichwa. Watasema simu ndiyo inayopotosha vijana na kwamba mtu mwenye heshima hatafuti mchumba kwenye kioo cha simu. Mahubiri hayo nimeyasikia kanisani, nimeyasikia kwenye matatu, na nimeyasikia hata katika chumba cha chai cha madaktari. Sikubaliani nayo. Katika miaka yangu ya kutibu watu mjini humu, nimeona kwamba kinachowadhuru wengi zaidi ni aibu inayowafunga mdomo baada ya mambo kuharibika. Maradhi mengi yanayoletwa na mikutano hii yana dawa, na dawa hizo zina saa zake. Aibu ndiyo inayokula saa hizo.

Wala siandiki kama mtu aliye nje ya uwanja. Mume wangu alifariki miaka mitano iliyopita. Mwaka jana mtoto wa kaka yangu, msichana anayesoma Chuo Kikuu cha Moi, alichoka kunikuta nikila chakula cha jioni mbele ya runinga. "Shangazi, lete simu," akasema, akaniwekea programu mbili, Tinder na Badoo. Badoo ilianza mwaka 2006, na Tinder ilianzishwa Marekani mwaka 2012, nayo ndiyo iliyoeneza huu mtindo wa kutelezesha kidole kulia ukimpenda mtu na kushoto ukimkataa. Nilitaka kuandika kwamba mimi ni daktari. Akanikataza. "Watakuja kukuomba dawa au mkopo." Nikaandika mfanyakazi wa afya, nikaweka picha ya harusi ya jirani, nikiwa nimevaa gauni la kijani, na umri wangu wa kweli, miaka 46.

Nilidumu huko wiki sita, na nitakueleza hali ilivyo.

Jioni ya kwanza niliambiwa watu zaidi ya 60 wamenipenda. Nikafurahi, kwa nini nikudanganye. Ila nyuso zao zilikuwa zimefunikwa ukungu, na ili uzione unatakiwa ulipe. Hapo ndipo unapoanza kuelewa maana ya neno bure. Kupenda kwenyewe kumewekewa kiwango kwa siku. Kikiisha, unasubiri au unalipa. Wanaume ni wengi kuliko wanawake, kwa hiyo mwanamke hufurikwa na ujumbe asioweza kuusoma wote, ilhali mwanamume anaweza kutelezesha kidole mwezi mzima asijibiwe na mtu. Wagonjwa wangu wanaume wananiambia hilo ndilo linalowauma kuliko kutapeliwa: kuwa kama umepiga hodi kwenye nyumba 200 na hakuna aliyefungua.

Salamu zenyewe ni za haraka. "Niaje mrembo." "Uko area gani?" Mmoja hakumaliza dakika 10 kabla ya kuniomba picha nisiyoweza kuitaja katika ukurasa huu. Mwingine alikuwa askari wa Marekani aliyekwama Syria na sanduku la dhahabu. Mwingine alitumia picha ya mwanariadha ambaye mji mzima unamjua, na mkewe tunamjua pia. Kisha kuna suala la umbali. Programu inakuonyesha mtu yuko kilomita ngapi kutoka ulipo, na Eldoret, pamoja na kupewa hadhi ya jiji mnamo Agosti 2024, bado ni mji ambamo ukipita Uganda Road unasalimiwa na watu sita. Nilimkuta humo muuzaji wa dawa anayeiuzia kliniki yangu. Nilimkuta mume wa mtu. Na Alhamisi moja mgonjwa wangu wa kisukari aliingia kliniki akiwa na tabasamu pana, akasema, "Daktari, lile gauni la kijani linakupendeza." Nilimpima sukari bila kumtazama usoni.

Nilikutana na mtu mmoja tu ana kwa ana. Alikuwa mwalimu, mjane kama mimi, kutoka upande wa Kapsabet. Tulikunywa chai saa nane mchana katika hoteli yenye watu wengi, na kwa saa mbili tulizungumza habari za marehemu wetu. Alikuwa vile vile alivyojieleza, hata kipara alikuwa amekitaja. Hatukuendelea, ila sikujutia chai ile. Dada yangu aliponiuliza nilikuwa na nani, unajua nilimjibu nini? Nilimwambia ni mtu tuliyejuana kwenye semina. Mimi, ninayewaambia wagonjwa kila siku waseme ukweli.

Kuna jambo moja la kitabibu kuhusu kutelezesha kidole ambalo nataka ulijue kabla hatujafika kwenye maradhi. Karne iliyopita mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliwafungia njiwa katika kisanduku chenye kitufe cha kudonoa. Ikiwa chakula kinatoka kwa mpango unaotabirika, njiwa hudonoa kwa kiasi. Chakula kikitoka bila mpango, mara hii kipo, mara 20 zinazofuata hakipo, njiwa hudonoa bila kupumzika. Mashine za kamari zimejengwa juu ya siri hiyo, na programu hizi nazo hivyo hivyo. Nimepata wagonjwa watatu waliokuja kuomba dawa za usingizi, na nilipowauliza simu hulala wapi, ikawa hulala kifuani mwao hadi saa tisa usiku. Sikuwaandikia vidonge. Niliwaambia simu ilale jikoni. Wawili walipona. Wa tatu alihamishia kitanda karibu na jikoni, lakini huyo ni mcheshi tu.

Zamani nasi tulijuana na watu wa mbali. Nilipokuwa shule ya bweni miaka ya tisini, magazeti yalikuwa na safu za marafiki wa kalamu, na KBC ilikuwa na vipindi vya salamu ambapo watu walitumiana kadi hadi wakaoana. Nilikuwa na rafiki wa kalamu kutoka Kitui. Barua ilichukua wiki mbili, ikafunguliwa na matroni, ikasomwa na bweni zima kabla hainifikia. Tulidhani ni mateso. Sasa naona kwamba yule matroni na lile bweni walikuwa ni macho ya watu wengine. Hata kwa jadi za hapa, kwa Wakalenjin huwezi kufika kwenye koito kabla wazee hawajauliza kijana ni wa ukoo gani na nyumbani kwao kuna nini, na jirani zetu Waluhya vile vile watatuma mtu akapeleleze. Baina ya wawili daima alikuwapo wa tatu aliyewajua wote. Programu imemwondoa huyo wa tatu, na haikuweka mtu mahali pake. Unakutana na mtu ambaye hakuna hata mmoja wa marafiki zako anayemjua, na yakikupata, hakuna wa kumwuliza huyu ni mtoto wa nani.

Hasara ndogo ni ya pesa. Kila mwanamume mjini humu anaijua hadithi ya nauli: binti yuko Nakuru, anataka sana kuja, tuma 1,500, naye anakuambia ameshapanda matatu, kisha simu inazimwa. Hilo hucheka watu, na aliyetapeliwa hucheka pia akipata nafuu. Kubwa zaidi ni la watu wazima walioachiwa pensheni au fidia, wanaopendwa kwa miezi minane na mtu wasiyewahi kumwona. Usidhani ni ujinga wa Kiafrika. Idara ya serikali ya Marekani inayowalinda wanunuzi ilisema kwamba mwaka 2022 karibu watu 70,000 huko waliripoti kutapeliwa kwa jina la mapenzi, wakapoteza dola bilioni 1.3. Na hao ni wale waliothubutu kuripoti. Wanaofika kwangu huja na presha iliyopanda, vidonda vya tumbo, au wamekoma kula. Mmoja alikuja na sumu ya panya ndani ya mkoba, akaiweka mezani kwangu mwenyewe. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Kilichomvunja hakikuwa zile pesa, bali fikira ya watoto wake kujua.

Sasa tufike kwenye ile inayoitwa mchele. Watu wetu wametoa jina la chakula kwa kitu kibaya. Mchele ni dawa ya kulevya inayotiwa kwenye kinywaji ili mtu apoteze fahamu aibiwe au anajisiwe. Mara nyingi ni dawa halali za usingizi na za kutuliza wasiwasi, za jamii ya benzodiazepini, ambazo zinapaswa kuuzwa kwa cheti cha daktari tu. Hazina ladha ya kukushtua. Zikichanganyika na pombe hupunguza kasi ya kupumua, na mtu anaweza kufa kwa kukosa hewa au kwa kusongwa na matapishi yake. Si Kenya peke yake. Januari 2024 ubalozi wa Marekani nchini Colombia uliwaonya raia wake baada ya vifo vinane vya kutiliwa shaka mjini Medellin katika miezi miwili tu ya mwisho wa 2023, na kadhaa kati ya vifo hivyo vilihusishwa na programu hizi hizi.

Ukimkuta ndugu yako katika hali hiyo, usimpe maziwa. Sijui nani aliyetufundisha maziwa, lakini mtu asiyejitambua akimiminiwa kitu mdomoni kitaingia kwenye mapafu. Mlaze kwa ubavu, hakikisha anapumua, mfikishe hospitali. Na ukizinduka wewe mwenyewe, mkojo wako wa kwanza ni ushahidi. Uweke kwenye chupa safi uje nao. Baadhi ya dawa hizi huonekana kwenye mkojo kwa siku kadhaa, nyingine hupotea katika saa 12.

Ukihisi umenajisiwa, uwe mwanamke au mwanamume, usioge, na usifue nguo. Ziweke kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, maana kwenye plastiki huota ukungu na ushahidi huharibika. Njoo hospitali kwanza. Wengi hudhani lazima wapitie polisi wakachukue fomu ya P3 ndipo watibiwe. Si kweli. Matibabu hayasubiri fomu. Katika hospitali kubwa za umma, ikiwemo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapa kwetu, dawa za PEP hutolewa bila malipo. Utapimwa kwanza, kisha utameza dawa kila siku kwa siku 28 bila kuruka. Mwanamke atapewa pia dawa ya kuzuia mimba, ile ya P2, inayofanya kazi vizuri zaidi ikimezwa mapema ndani ya saa 72. Wote wawili watapewa dawa za kutibu kisonono, kaswende na klamidia, na chanjo ya homa ya ini aina ya B. Simu ya 1195 hupokewa mchana na usiku bila malipo kwa wanaohitaji msaada au mtu wa kuzungumza naye.

Lakini wengi wa wagonjwa wangu hawakuwekewa chochote. Walikutana na mtu, wakapendana kwa usiku mmoja au mwezi mmoja, basi. Hapa ninakutana na kosa jipya ambalo halikuwapo nilipoanza udaktari. Watu hutumiana picha za majibu ya Ukimwi kwa WhatsApp, kijistari kimoja kwenye kipimo, na kwa picha hiyo wanaacha mpira wa kondomu. Kipimo hicho ni cha nani? Cha lini? Hata kikiwa chake na ni cha leo, kipimo cha kujipima, kilichoanza kupatikana nchini mwaka 2017, kinaweza kukosa kuona maambukizi ya miezi mitatu iliyopita. Tena hakisemi lolote kuhusu kaswende, wala klamidia, ambayo kwa wanawake wengi hukaa kimya bila dalili hadi mirija ya uzazi iharibike. Mtu anayekutana na wapenzi wapya mara kwa mara ana haki ya kuuliza kuhusu PrEP, vidonge vya kumezwa kabla ya hatari, ambavyo navyo vilianza kutolewa katika hospitali zetu mwaka 2017. Ila lazima aulize. Na ili aulize, lazima aseme anaishije.

Kuna pia wale wanaotishiwa kwa picha. Mtu anapiga simu ya video, mnavuana nguo, kumbe upande wa pili unarekodi, na baada ya dakika tano unaorodheshewa majina ya shemeji zako na mchungaji wako. Usilipe. Anayelipa mara moja hutozwa tena. Weka ushahidi, zuia nambari, nenda polisi, kwani sheria ya uhalifu wa mtandao ya mwaka 2018 inaharamisha kusambaza picha za utupu za mtu, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka miwili. Na tazama hali ya moyo wako: nikisikia neno "picha" na "silali" katika sentensi moja, huuliza kuhusu kujiua moja kwa moja bila kuzunguka.

Kundi linalochelewa kuliko yote ni wanaume wanaokwenda kukutana na wanaume wenzao. Najua wasomaji watanikemea kwa kuwataja. Sheria ya nchi haiwaruhusu, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuibatilisha. Matapeli wanaijua sheria hiyo vizuri kuliko mawakili: wanamwita kijana chumbani, wanampiga, wanamnyang'anya, wakijua hatakwenda kituoni. Nimeshona kichwa cha mmoja aliyeniambia amegongwa na boda boda. Alirudi baada ya wiki mbili akiwa na homa na tezi zilizovimba, ndipo akasema. Kwa PEP alikuwa amechelewa siku 11. Mimi si hakimu. Mlango wa kliniki hauulizi mtu alikuwa anampenda nani.

Hapa naomba niwageukie wenzangu wa koti jeupe. Mwanamke mmoja aliyekuja kwangu alikuwa amekwenda kwanza katika hospitali fulani, akamweleza aliyempokea kwamba alikutana na mwanamume kwa programu ya simu naye akamlazimisha. Jibu alilopewa lilikuwa swali: "Na wewe ulikuwa unatafuta nini huko?" Akaondoka, akakaa siku mbili. Swali hilo hilo ndilo nililolisikia kila mahali Januari 2024, wanawake wawili walipouawa Nairobi katika nyumba za kukodi za muda mfupi, kabla ya wanawake kumiminika barabarani tarehe 27 mwezi huo kulipinga. Alikuwa anatafuta nini? Alikuwa anatafuta mume. Ndicho wanachokitafuta watu tangu zamani, na barua zangu za Kitui zilikuwa zinatafuta hicho hicho. Ukiwa zamu na mgonjwa akakuambia alikotoka, andika saa, fungua kabati la dawa, maswali mengine yangoje.

Sehemu ya aibu hii inatoka kwa wale waliofanikiwa. Kliniki yangu ya akina mama wajawazito sasa ina jozi tatu za watu waliokutana kwa programu. Wanapendana vizuri, mmoja wa waume hao hushika mkoba wa mkewe kila wakija. Wote watatu wamewaambia wakwe zao walikutana kanisani. Nawaelewa, nami nilisema semina. Lakini fikiria mji ambamo waliopata wachumba wema kwa simu wanasema walikutana kwenye kwaya, na habari ya simu inasikika tu mtu akiibiwa au akiuawa. Yule kijana wa miwani aliamini kwamba katika Eldoret nzima yeye peke yake ndiye mjinga.

Basi kama utakwenda, na wengi mtakwenda hata mkisoma makala haya mara mbili, mkutano wa kwanza uwe mchana, mahali penye watu, si kwako wala kwake. Mpigie kwanza kwa simu ya video uone kama uso ni ule wa kwenye picha. Jaribu kumtumia shilingi 20 kwa M-Pesa: jina lililosajiliwa litajitokeza, ulilinganishe na lile alilokupa. Ukitilia shaka umri, ondoka. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa mujibu wa sheria ya 2006, hata kama ameandika 21. Kinywaji kifunguliwe mbele yako, na ukienda msalani, ukirudi agiza kingine. Na mteue mtu mmoja, dada, rafiki, hata mlinzi wa plotini mwenu, umwambie jina la unayekwenda kukutana naye, mahali, na saa utakayorudi. Huyo ndiye wa tatu tuliyempoteza. Mpwa wangu alikuwa wa kwangu siku ya mwalimu wa Kapsabet. Alikaa meza ya pili akila chipsi kwa pesa zangu.

Yule mhasibu nilimwandikia barua, nikampandisha boda boda ya jirani ninayemwamini, na saa tatu kasoro alikuwa ameshameza kidonge cha kwanza. Vilimletea kichefuchefu wiki ya kwanza, akanipigia kulalamika, nikamwambia ale kwanza ndipo ameze. Alimaliza siku 28. Alipopimwa baada ya miezi mitatu hakuwa na virusi. Alinunua miwani mipya. Wiki mbili zilizopita alinipigia tena, nikaogopa, kumbe alitaka kujua ni hoteli gani hapa mjini yenye chai nzuri saa nane mchana.